Santuri ya Mbavu

Leningrad, miaka ile

Nyuma ya zahanati ya mtaa wa reli
muuguzi Faina Lvovna alitoa picha za vifua vya watu,
nasi tukazinunua kwa mafungu, kama dagaa.
Gleb alizikata duara kwa mkasi wa kushonea,
akatoboa kitovu kwa moto wa sigara,
kisha mtambo wake, uliozaliwa na cherehani mbovu,
ukachora mifereji myembamba juu ya mifupa.

Muziki wa ng'ambo ulikuwa haramu.
Redio ilituimbia matrekta, ngano, chuma cha pua,
watu mia wakifungua kinywa kimoja.
Sikatai, nyimbo nyingine zilikuwa tamu;
mama alizifuata akipiga pasi
na sauti yake ilizishinda.
Lakini miguu ina siri zake,
na miguu yetu ilikuwa na miaka kumi na tisa.

Tulisikilizia chini ya blanketi,
sindano ikikoroma,
tarumbeta ikija kutoka mbali, nyuma ya kikohozi.
Santuri ya mbavu haidumu: mara kumi, imekwisha.
Basi tuliisikiliza
kama mtu anavyotafuna kipande cha mwisho cha mkate.

Usiku mmoja niliiinua kwenye taa niifute vumbi.
Ubavu wa nne. Wa tano.
Doa la ukungu chini ya mtulinga.
Na pembeni, kwa wino wa hospitali:
Arseni Pimenov, kitanda cha kumi na saba.

Baba.
Mwaka wa pili kaburini.

Sikulia. Niliirudisha mahali pake,
nikaiacha sindano ipite juu ya pafu lililomuua,
na kwenye pafu lile ikatoka saksafoni,
pumzi ndefu, ndefu,
ambayo yeye aliitafuta wiki sita asiipate.
Nikacheza nayo hadi ukingoni.

Gleb walimchukua mwezi wa Machi. Miaka mitatu.
Aliyepeleka habari ni Rufina, wa jiko letu la pamoja;
sote tulijua, na sote tuliendelea kumwazima chumvi.
Kuta zina masikio, husemwa.
Haisemwi kwamba masikio nayo hujifunza.

Mei, naingia jikoni na birika,
namkuta Rufina kanipa mgongo, anamenya viazi,
anapiga mbinja.
Wimbo ule.
Ule wa kitanda cha kumi na saba,
alioupata kupitia ukuta, usiku baada ya usiku,
kalamu ya mshtaki mkononi.
Na pale mkono wa Gleb ulipoteleza akikata,
pale sindano ilipokuwa ikiruka kipande,
Rufina naye akaruka.

Aliponiona alinyamaza.
Kisu kikabaki hewani na ganda likining'inia.
Sikuwa nimemsamehe. Sijamsamehe hata leo.
Ila wimbo ulikuwa umekatika katikati,
na mimi sikuwahi kuweza kuvumilia hilo,
nikaumalizia.

Watakaoandika habari za nchi ile
watataja mikutano, sahihi, majina ya wakubwa,
siku amri fulani ilipolegezwa.
Waacheni wataje.
Mimi nina maganda ya viazi kwenye beseni,
birika linaloanza kuchemka,
na wanawake wawili wasiopendana
wakiruka pamoja
pale pale, kwenye kosa lile lile.