Kipya Kinyemi

Sikutaka. Nieleweke hapo mwanzo.
Kila asubuhi kompyuta ilinisimamishia
kikaratasi cha manjano pembeni mwa kioo:
toleo lako limezeeka, halitalindwa tena,
kama mwenye nyumba anayekumbusha kodi.
Sleyum, mtoto wa kaka yangu, akapiga kutoka Mjini:
"Pandisha tu, shangazi. Bure. Usiku mmoja."

Nikanunua bando la usiku,
nikafunga duka hapa Limbani, nikaiacha ikinywa.

Wete iliamka na mvua ya vuli,
mie nikaamkia kioo kipya:
mlima wa theluji, vitufe laini
vilivyoviringana kama kalimati.
Mgeni kaja. Haya, mwenyeji apone.

Printa kwanza.
Miaka kumi na mitatu imechapa
nusu ya harusi za Wete na baadhi ya talaka;
ikawasha taa, ikakohoa, ikanyamaza.
Kioo kikasema: dereva hapatikani.
Faki Kombo, yuko kwenye benchi anangoja kadi zake mia tatu,
akainuka: "Dereva yupi? Wa gari ya Chake?
Nimemwacha kituoni sasa hivi, anakunywa uji."
Sikucheka. Nilicheka jioni.

Halafu Bismillahi ya juu ya kadi
ikaachana mikono: be huku, sini kule, mimu peke yake,
kama watoto wa skuli waliogombana kwenye foleni.

Halafu nikabonyeza kile cha Shaame.

Ndugu yangu Shaame, karani wa bandari Mkoani,
alijifundisha kuandika programu usiku
kwa kitabu kisicho jalada.
Akanitengenezea hiki kijisanduku:
jina la bibi, jina la bwana,
tarehe ya Kiislamu kulia, ya kizungu kushoto,
na chini, kwa wino mwekundu, nani hajalipa.
Kila kikifunguka, kabla ya lolote:

    Mize dada keti kwanza,
    kazi tutaimaliza.

Miaka tisa tangu tumzike,
na kila siku saa mbili
nilikuwa naambiwa nikae.

Sasa: programu hii haiendani na mfumo huu.
Basi. Hata pole.
Kama mwalimu wa falaki anayefunga chuo chake
awaambie wazee wa pande mbili
nyota haziendani, kaposeni kwengine,
na mwari yuko nyuma ya pazia
hina keshatiwa.

Nikakifuta, nikakirudisha.
Kuna mahali unauambia mfumo ujifanye wa zamani;
nikauambia, ukajifanya.
Kikafunguka nusu, kikaandika Mize,
kikaganda.

Chini ya meza palikuwa na lile jitu la mwanzo,
jeupe lililogeuka rangi ya chai,
limebeba makopo ya rangi.
Nikalipangusa, nikalichomeka. Likanguruma,
likajikuna dakika sita,
likaniambia nikae.
Nikakaa, na Faki Kombo akakaa tena,
hakuuliza kwa nini najifuta uso kwa mtandio.

Mtandao nimelikatia. Liko eda:
halitoki, halipokei mgeni.
Jipya linapokea barua na picha za watu,
la zamani linachapa, na baina yao
flashi inakwenda na kurudi, mshenga
wa nyumba mbili zisizosalimiana.
Kadi zimetoka Alhamisi usiku. Herufi zimeshikana.

Sleyum akapiga: "Imekubali?"
Nikamweleza yote, hadi dereva wa Chake.
Hakucheka.
Alikuwa na miaka minne babake alipofariki.
"Hayo maneno," akasema, "yanasemaje hasa?"

Nikaliwasha upya. Tukangoja wote wawili
likijikuna.
Nikamsomea, mara moja, polepole,
nikaacha jina langu, nikatia lake.

Kimya.
Kisha nikasikia, kule Mjini,
kiti kinavutwa.