Daftari la Kiinua Mgongo

Ninaandika kwa wino wa bluu.
Mwekundu tulikubaliana uwe wa waliokufa.
Jalada limefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli,
na linanuka moshi ingawa halijawahi kwenda motoni.

Mimi ndiye mtunza alama wa kikosi cha kujitolea
kijijini kwetu, nje kidogo ya Mafinga,
pale mipaini ya wenye hati inapoishia
na mahindi ya wasio na hati yanapoanza.

Kanuni niliziandika mwenyewe, kikao kikazipitisha,
mvua ikipiga bati hata kifungu cha nne hakuna aliyekisikia.
Moto mmoja, alama moja,
ukifika kabla ya kengele ya pili,
ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mlingoti.
Ukija umelewa ulanzi, nusu.
(Yordani Kikoti alipinga: moto haujali nani amelewa.)
Ukitimiza alama mia na miaka hamsini na mitano
unaweka fyekeo chini, unapewa kiinua mgongo:
laki sita na blanketi.
Hela ni ya miche tunayouza
na bahasha moja kwa mwaka kutoka kiwandani,
nyembamba, kama iliyopitishwa chini ya mlango.

Watu hudhani kazi yangu ni kujumlisha.
Kazi yangu ni kukataa.
Nimemkataa shemeji yangu, aliyedai moto wa jikoni kwake.
Nimemkataa Onorata Chavala miaka sita,
kwa kuwa mbeba maji hakuwamo kwenye kanuni,
mpaka Oktoba moja nilipojitwika ndoo mimi,
nikapanda nayo kutoka vinyungu hadi kwenye kinga moto
mara nne tu,
nikarudi nikaandika upya kifungu cha saba.

Leo amekuja Bathlomeo Nziku.
Alama tisini na tisa.

Ukurasa wa mwaka ule panya waliula pembeni,
mwaka wa moto wa siku tatu.
Mashahidi sita wamesimama: alikuwepo,
nyusi zake ziliungua, tulimcheka mpaka Krismasi.
Nikashika kalamu.

"Usiandike," akasema.
Akavua kofia, akaikunja kama barua.
"Moto ule niliuwasha mimi.
Nilikuwa nachoma mabua, niandae shamba la ulezi.
Upepo ukageuka
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

Kikoti akakohoa.
Onorata, ambaye milingoti yake mia tatu ilikwenda na moto ule,
akaitazama kalenda ukutani, ya mwaka juzi.

Nikafungua kanuni, kifungu kwa kifungu,
kama atafutaye sindano kwenye unga.
Ipo adhabu ya ulevi. Ipo ya kuiba ndoo.
Hakuna palipouliza nani kauleta moto.
Swali ni moja tu: alifika kabla ya kengele ya pili?

"Ile ya kwanza," nikauliza, "nani aliipiga?"
Wakatazamana.
"Mimi," akasema Nziku, taratibu,
kama anayekiri kosa la pili.

Kimya kilikaa hata chai ikapoa.

"Mwandikie," akasema Onorata, macho bado kwenye kalenda.
"Lakini blanketi ni langu."

Nikaandika moja.

Fomu ya chama cha akiba inataka dole gumba.
Akalibonyeza kwenye pedi ya wino, kisha kwenye karatasi:
doa la bluu, la mviringo, laini,
bila mstari hata mmoja.
Tukajaribu la kushoto. Vilevile.
Fomu itarudishwa, najua;
watasema hiki si kidole cha mtu.

Naambatisha barua.
*Ndugu Meneja, kuhusu kidole cha mwanachama huyu*
nimeandika tangu asubuhi,
na neno linalofuata bado sijalipata.