Mashimo Arobaini

Chemchemi haikukauka siku moja.
Kwanza ilijaza ndoo kwa uvivu,
kisha beseni,
kisha sufuria ya uji,
halafu ikawa inatokwa jasho tu chini ya jiwe
kama mtu anayeficha homa.

Mnafu wangu ndio uliojua mapema.
Uliinamisha majani saa tatu asubuhi,
mlima haujavua hata ushungi wake wa mawingu.
Figili zikaota nyuzi tumboni,
na sukuma wiki, maskini,
ikashindwa kusukuma hata Jumanne.

Ng'ambo ya masale shemeji Aminieli anachimba.
Mikaratusi ya kwanza imeshampa nguzo na pikipiki;
sasa anataka mingine arobaini,
mstari mnyoofu kama mshono wa gunia,
kutoka bandani kwake hadi kichwani pa chemchemi.
Nikamwambia: mti huo hunywa kama mgeni wa matanga.
Akasema: shemeji, mti hauna mdomo.

Sikubishana.
Aliyekuwa akibishana naye kwa niaba yangu
amelala kihambani, mwaka wa sita, migomba inamjua.

Usiku ule makande yalipoiva nikainjika maji.
Sijui ni mkono gani uliobeba sufuria.
Nadanganya. Ni huu wa kulia.
Mche kikombe, mche kikombe,
mara tatu nikarudi jikoni kuongeza,
nikahesabu kama ninayewanywesha watoto dawa:
thelathini na tisa, arobaini.
Mvuke ulinipanda usoni, na mbwa wake,
anayenijua kwa mifupa ya Krismasi,
akatikisa mkia.

Baada ya wiki miche ikawa rangi ya ugoro.
Aminieli akachutama, akang'oa mmoja, akanusa mizizi.
"Fuko," akasema.
Nikasema, "Fuko ni mnyama mbaya."

Siku za mwizi arobaini. Nilizihesabu.
Nilikata jani la sale, nikalipiga fundo
kama mama alivyolipiga akienda kuomba radhi,
nikaliweka darini juu ya meko,
nikangoja miguu yangu ikubali.
Siku ya thelathini na tisa akaja yeye,
kofia mkononi.
"Shemeji, mashimo ninayo. Samadi nimeshatia.
Pesa ya miche mingine ndiyo sina.
Kile kitalu chako nyuma ya zizi,
ile miringaringa na mifuruanje,
unauza?"

Chai ilinipalia.
Nilimpa arobaini. Nilibeba mwenyewe,
viriba kumi kumi kwenye karai,
bei nikakataa kuitaja.
Akasema nina moyo.
Nikatazama vidole vya miguu yangu.

Huu ni mwaka wa tisa.
Saa nane kivuli chao kinafika kwenye matuta yangu
na mnafu unapumua.
Chemchemi inajaza ndoo; haina haraka, lakini inajaza.
Alfajiri mjukuu wangu Aikaruwa hushuka Kiboriloni
na mafungu ishirini, siku nzuri thelathini,
umande bado umo ndani ya majani.
Na kila mvua zikikaribia
Aminieli huwaambia vijana wa kikundi cha miti hapa Kidia:
"Mimi mwalimu wangu alikuwa fuko."
Wanacheka. Nami nacheka,
kwa meno ya mbele tu.

Jani bado lipo darini,
jeusi kwa masizi, fundo halijalegea.
Yule mbwa alishakufa, kwa hiyo shahidi hakuna.
Tangu Pasaka Aminieli anakohoa,
na jioni huketi peke yake chini ya mringaringa,
mkono kwenye gamba la mti,
kana kwamba anaupima moto.

Makande yapo jikoni.
Yakiiva nitampelekea bakuli,
jani juu ya kifuniko.
Maji ya moto nitayamwaga kwanza,
huku kwangu,
mbali na mizizi.