Mara Moja Tu

Niliikuta chini ya droo ya vijiko,
imegandana na risiti ya mafuta ya taa:
postikadi ya Daraja la Mackinac,
stempu ya senti mbili, kona moja imeliwa na panya.
Daraja limening'inia kwenye nyaya zake
kama shuka lililoanikwa na mtu asiyeogopa mvua.
Anga ni buluu ya sabuni. Ziwa ni buluu ileile.
Aliyetia rangi, naona, alikuwa na kopo moja.

Lakini isogeze dirishani.
Upande wa St. Ignace, gati linapoingia majini,
pana doa jeupe kuliko wingu,
lina umbo la kitu kilichokuwa na dohani.
Mtu alichukua brashi akaifuta feri.
Pengine bosi wake alimwambia:
tunauza daraja, usiwauzie watu na foleni.

Nyuma, kwa penseli, mwandiko wa Babu Veikko,
Novemba ya hamsini na saba:

*Saimi. Jana tumevusha gari la mwisho.
La mchuuzi wa magodoro, anatoka Escanaba.
Hakujua ni la mwisho. Alikuwa amelala.
Kofia wametuachia, buti wamezitaka.
Picha nzuri, sivyo?
Sisi tuko hapo kwenye weupe.*

Basi. Hakuna wasalimie, hakuna nduguyo.

Saimi ndiye bibi yangu. Aliishi ng'ambo ya kusini,
na kila msimu wa kulungu, magari ya wawindaji
yalipopanga mstari kuingoja feri, maili baada ya maili,
alipita dirisha kwa dirisha na kapu
la mikate ya viazi na nyama, moto, imefungwa magazetini.
Wenye bunduki walikula, wakajipangusa kwa suruali,
wakauliza, kwani lini watajenga daraja?
Naye akachukua sarafu zao, akasema, Mungu akipenda.

Walipojenga, hakuna aliyesimama tena kula.
Kapu likawa la vitunguu.

Veikko alikaa majira mawili ya baridi bila kazi,
akichonga samaki wa mti wa kuvulia kwenye tundu la barafu,
na kuyasikia magari yakipita juu ya maji,
kule katikati ambako barabara ni wavu wa chuma
na tairi likikanyaga linalia kama nyuki wa mbali.
Halafu akaenda kuomba kazi kwa daraja lenyewe.
Mkono mtupu haulambwi.
Wakampa mkanda, ndoo, na brashi.

Ndiyo. Brashi.
Miaka kumi na tisa aliipaka rangi ile minara,
akianza upande mmoja, na akifika wa pili
wa kwanza umekwisha kuota kutu.
Alipanda juu ya waya mkuu kama mtu apandaye ngazi za kwake,
upepo ukimjaza shati, feri hamna, chini ziwa tupu.
Sijui alifikiri nini huko. Hakuwa msemaji.
Bibi alimwita msaliti mpaka Krismasi ya sitini na nne,
kisha akamfumia glavu.

Nilikuwa na miaka tisa nilipomwekea kadi hii mapajani.
Macho yalikuwa yameshafifia. Akainua miwani,
akaisogeza, akaiondoa, akaisogeza tena.
Nilingoja hasira. Nilingoja hata chozi,
maana watoto hupenda kuona wakubwa wakilia.

Akaligusa lile doa kwa ukucha,
ukucha wenye kijani kisichotoka kwa sabuni.
"Kazi mbovu," akasema.
"Amepaka mara moja tu, hakungoja ikauke.
Tazama hapa,
dohani inachungulia."