Bila Kutia Chumvi

Karani alinisogezea fomu na kalamu iliyofungwa uzi,
akasema, "Andika ilivyotokea. Usitie chumvi."
Nikamtazama.
Mimi, Nzobonaliba wa matanuru ya Uvinza,
miaka tisa nakoroga maji mpaka yageuke jiwe jeupe,
hata nikioga mara mbili vidole vinakoleza chai,
ndiye naambiwa nisitie.

Basi sikutia.
Niliandika: Jumanne, zamu ya usiku, tanuru namba nne.
Ubao wa kukanyagia ulikuwa umeoza.
Niliteleza, mguu wa kulia ukaingia kwenye maji ya moto.

Sikuandika kwamba ubao ule tuliusemea tangu Kwaresima.
Sikuandika kwamba maji ya chumvi hayaunguzi kama ya chai,
yanang'ang'ania, yanavua ngozi kama soksi,
na kwamba Bitaliho, aliyenivuta kwa makwapa,
alibaki ameshika kiatu changu, analia,
mtu asiyelia hata msibani kwao.
Sikuandika mguu wa kushoto,
niliokanyagia ukingo wa chuma nikijinasua.
Niliona haya. Malengelenge matatu kisiginoni,
nani apeleke malengelenge mezani kwa watu?

Penye swali, *Maumivu yakoje?*
nikajaza: Ya kawaida.

Adeltruda aliuza bata wanne tukanunua bandeji.
Risiti akazichoma kwenye msumari ukutani,
moja juu ya nyingine, kama mtu anayetunga samaki.
Nilikwenda Kigoma kwa treni,
mguu juu ya begi la mama nisiyemjua,
kila kituo ananiuliza, "Bado upo, baba?"
Nipo, mama.

Barua ilikuja na mvua za kwanza.
Wamekubali. Nasema kweli, nilipiga goti, lile zima.
Dawa, kufunga kidonda, nauli,
kupandikiza ngozi, hata bata wale wanne
wamerudi wakiwa noti.
*Kwa jeraha la mguu wa kulia*, imeandikwa,
na chini yake mhuri wa bluu.

Lakini malengelenge hayasomi barua.
Siku muuguzi Gaudiosa alipoona nachechemea pande zote mbili
alinivua kandambili ya kushoto, akakunja uso.
Pale kisiginoni palikuwa na shimo
la kutosha punje ya hindi.
"Huu mbona haumo?"
Nikamwambia niliagizwa nisitie chumvi.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Akachukua pamba, akasema taratibu, macho kwenye kidonda,
"Anayezidisha tunamwita mwongo.
Na anayepunguza, tumwiteje?"

Sikuwa na jibu. Dawa ilikuwa inawasha.

Jioni hii sombe iko motoni, mawese yananukia.
Adeltruda anachota chumvi kwa vidole vitatu,
anaimwaga bila kuonja. Anajua.
Nami nimekaa kizingitini, fomu mpya juu ya mapaja,
kalamu hii haina uzi.
Nimeandika ubao. Nimeandika Kwaresima.
Nimeandika majina ya wote tuliomwambia msimamizi.
Nimeandika kiatu mikononi mwa Bitaliho.
Nimeandika kisigino cha kushoto, herufi kubwa.
Penye maumivu wameacha mstari mmoja.
Nimegeuza karatasi.