Tarakimu Moja Nyeupe

Slaidi hamsini na nne, Bwana Quaresma,
na ya kwanza peke yake ina maneno mia mbili na kumi.
Nimeyahesabu usiku huu, hapa Coruche,
mvua ikipiga bati la ghala la magome,
kahawa ya tatu ikipoa kando ya kipanya.

Vitone vimejipanga kama siafu.
Kila kitone kina mtoto, kila mtoto ana mjukuu,
na kilembwe wa mwisho, kwa fonti ya saizi tisa,
ndiye aliyebeba habari yenyewe:
kwamba mti haukatwi.

Umeweka chati duara ya vipande kumi na saba,
rangi zote za duka la peremende.
Umeweka watu wanaopeana mikono,
watu tusiowajua, meno meupe mno.
Nembo yetu kila kona, kama muhuri wa forodha.
Na mshale unaoingia ukizunguka!
Nani anaukimbiza?

Niwie radhi.
Najua unachokiogopa: unaogopa kusahau
mbele ya wanunuzi wa Kobe,
basi umejiandikia yote ukutani
kama mwanafunzi aliyejiandikia majibu kiganjani.
Lakini wageni wanajua kusoma, bwana.
Watafika chini wewe ukiwa mstari wa tatu,
kisha watakungoja kwa adabu,
na adabu ya mnunuzi ni mlango unaofungwa polepole.
Kizuri chajiuza, ndiyo,
ila si kikiwa kimefukiwa.

Naanza kufuta.

Baba alikuwa mbanduaji wa magome.
Shoka lake liliingia kina cha ukucha, basi.
Akizidisha, anaujeruhi mti;
akipunguza, gome linatoka vipandevipande.
Alitega sikio: gome lililokuwa tayari
lilitoa sauti ya kitambaa kikichanwa.
Natamani mkono ule juu ya kitufe hiki.
Slaidi ya kumi nimeiua, nikaifufua,
nikaiua tena.

Saa nane usiku nikakumbuka picha iliyo simuni,
niliyopiga Juni, shambani kwa Bi Felismina:
mwaloni uliobanduliwa asubuhi ileile,
shina jekundu kama tofali lililotoka tanuri,
na juu yake, kwa brashi, rangi ikichuruzika,

7.

Tarakimu ya mwisho ya mwaka,
ili shoka lisirudi kabla ya miaka tisa.
Miti yetu ilijua kutengeneza slaidi
kabla yetu.

Nikaitandaza hadi kingo zote nne.
Haina kichwa cha habari. Haina nembo (usinipigie simu).
Ya pili, jirani yake: 8 iliyochakaa,
imepanuka na kupasuka, maana gome lilinenepa chini yake.
Ya tatu, kizibo kimoja
katika kiganja cha baba, makovu na yote.
Ya nne, bei.
Kisha giza, ili wakutazame wewe.

Asubuhi ulikuja na uso wa kodi.
"Vitone vyangu viko wapi?"
Nikakupa karatasi, vyote hamsini na nne,
uwagawie wageni wakiondoka.
Ulizikumbatia kifuani mpaka chumba cha mkutano.

Projekta ikawaka. Saba ikajaa ukutani.
Ukafungua mdomo, hukuwa na cha kusoma.
Nilihesabu pumzi kumi na moja,
nikajuta, naapa, nikaitafuta kwa macho swichi ya taa.
Ndipo Bi Kuramochi, aliyekuwa akichezea kalamu,
akaiweka mezani:
"Saba ni nini?"

Ukageuka ukautazama mti
kana kwamba ulikuwa unauona mara ya kwanza,
ukaanza na babu yako, na nyumbu wake aliyekataa kilima.
Hilo halikuwa popote kwenye slaidi.

Hawajatia sahihi. Wameomba kuuona mwaloni Alhamisi,
na utabiri ni mvua.

Jambo moja, Bwana Quaresma.
Nimefungua faili sasa hivi.
Pembeni ya saba, chini kulia, ndogo kama kunguni,
umeirudisha nembo.

Haya. Ikae hapo.
Ila mshale, hapana.