Haya

Idi pili, Makadara. Shekue
asukuma pembea kwa kifua,
mbao zalia, watoto wamebana
shilingi zimelowa viganjani.

Mgeni yumo foleni, mabega wazi,
Kiswahili chake chote kimo kitabuni, mfukoni.
Zamu yake ilipofika Shekue akapaza:
"Haya! Haya, mama, haya!"
Yaani panda, watu wangoja.

Akafungua kitabu. Kidole kikateremka,
kikakoma. Uso ukamwiva.
*Haya: aibu; staha.*
Akajitazama mabega, akarudi nyuma,
akawapisha watoto.

Mimi nilishaanza kucheka.
Bi Rukiya, muuza achari,
akajifungua leso ya kiunoni
akamtanda nayo, bila neno;
neno lingetaka kitabu tena.

Mgeni akapanda. Pembea ikapaa
na mgongoni pake tukasoma
jina la leso, alilolichagua Bi Rukiya
kumsutia jirani wa ukuta mmoja:
UNGENIULIZA MWENYEWE.

Akatupungia mkono kule juu.
Chini, foleni imeduwaa,
Shekue kashika mbao, kinywa wazi,
atafuta neno jingine
la kumwambia mtu apande.